Kazi ya kweli haimuombi mfanyakazi pesa



Dada mmoja alikuja kwa kikao chetu. Ni muuguzi, wale tunaita tu baenfirmie. Ana diploma ya A1. Amefanya kazi miaka sita kwa kituo cha afya, na miaka yote hiyo hajapata nambari ya matrikule, maana yake hajaona mshahara wa serikali hata mwezi mmoja. Alikaa nyuma kabisa. Alingoja wengine wamalize kusema, kisha akatoa simu yake na kusema kwa sauti ndogo: "Bandugu, muniangalizie hii barua. Iko ya kweli ao iko ya uongo?"

Barua ilikuwa nzuri. Ilikuwa na alama ya hospitali ya Uingereza, mhuri mwekundu, sahihi ya wino wa bluu. Mshahara pauni 3,200 kwa mwezi, nyumba ya bure, tiketi ya ndege ya bure. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba mwenye kukubali kazi atume dola 450 za "kufungua dosie".

Tulimuuliza kama alikwisha kulipa. Alinyamaza. Alikuwa amelipa mara tatu: 450 za dosie, 600 za asiransi, 750 za viza ya haraka. Jumla dola 1,800. Sehemu moja ilitoka kwa akiba ya mama yake kwenye AVEC ya kina mama wa mtaa. Nyingine ilitoka kwa shamba ambalo baba aliwaachia. Na asubuhi ile walikuwa wamemuandikia tena: zimebaki dola 300 tu, ndege iko tayari.

Barua ilikuwa ya uongo. Tulitumia dakika kumi na mega za franga elfu moja kujua hivyo. Ndiyo maana tunaandika leo: tunataka kila muuguzi, mkunga, daktari na mtu wa laboratwari apate zile dakika kumi mbele ya kutuma pesa, asizipate kisha.

Si ujinga

Kwanza tuondoe maneno ya kucheka. Tunayasikia kwa magrupu ya WhatsApp: "Mtu mzima, amesoma ISTM, anadanganywa namna hii?" Tunawaomba muache. Mtu anayezalisha mama usiku kwa mwangaza wa simu si mjinga. Kati ya 2018 na 2020, wakati Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ni hawa waliovaa zile nguo za plastiki na kuingia ndani, wakati sisi wengine tulikuwa tunaogopa hata kusalimiana kwa mkono. Januari 2025, wakati vita vilifika ndani ya Goma, hospitali zilijaa majeruhi mpaka kwenye korido. Walibaki. Kisha mabanki yakafunga, na hata yule aliyekuwa na mshahara hakujua ataupata wapi.

Kwa miaka mingi sasa, inchi hii imeona migomo ya madaktari na wauguzi juu ya mambo yale yale: mshahara, primu ya hatari, matrikule. Wengi wanaishi na kile kinachogawanywa kila mwezi kutoka kwa malipo ya wagonjwa. Mwezi ambao wagonjwa hawana kitu, muuguzi pia hana kitu. Matapeli, wale tunaita baeskro, wanajua hayo yote vizuri kuliko waziri. Wanamtafuta mtu aliyechoka, mwenye diploma mkononi na deni dukani, na wanamuonyesha mlango. Mtu anayezama hachagui kamba.

Wala hatusemi: "Mubaki, musiende." Katiba yetu, kwa kifungu cha 30, inampa kila mtu haki ya kutoka inchini na ya kurudi. Kutafuta maisha si usaliti. Tunachosema ni hiki: uende kupitia mlango wa kweli, ufike ukiwa muuguzi, na usiache nyuma mama asiye na akiba na ndugu wasio na shamba.

Namna wanavyofanya

Mtego huu unafuata njia moja karibu kila mara. Ukiijua njia, utautambua hata wakibadilisha jina la hospitali.

Wanaanza na tangazo kwenye Facebook, ao ujumbe kutoka kwa namba ya mtu unayemjua ambayo wameiiba: "Yaya, kuko nafasi za kazi Kanada, mimi nimekwisha kupata." Unatuma CV. Jibu linarudi siku ile ile. Hawaulizi ulifanya kazi idara gani, hawaulizi miaka mingapi, hawakupi mtihani wowote. Fikiria kidogo: kituo cha afya cha hapa kwetu chenyewe kinakuita kwanza, kinakuangalia usoni, kinauliza umesoma wapi. Hospitali ya London ingekupa wagonjwa wake bila kusikia hata sauti yako?

Kisha wanakutumia kontra. Inapendeza, kwa sababu wameiba alama ya hospitali ya kweli, wakati mwingine hata jina la daktari wa kweli. Hapo moyo unaruka. Umekwisha kuwaambia watu wa nyumbani, na pastori amekwisha kuombea safari. Ndipo wanaleta pesa ya kwanza. Haiwi kubwa sana. Ukilipa, inakuja ya pili, sababu ya kwanza "haitarudishwa" kama hutamaliza. Hapo mtu halipi tena kwa kutumaini, analipa kwa kuogopa kupoteza ile ya kwanza. Na kila mara kuna haraka: leo saa kumi na mbili, ao nafasi inapewa mwingine.

Jambo la mwisho ni siri. "Usiambie mtu, watakuonea wivu." Neno hili linafanya kazi sana kwetu, kwa sababu wivu na uchawi ni mambo tunayoogopa. Lakini angalia: kazi ya kweli, ni nani anakukataza kuionyesha kwa mkubwa wako, kwa mwalimu wako, ao kwa avoka? Anayekuomba siri ameona kwamba mtu wa pili atagundua.

Kanuni moja

Ukisahau yote mengine, shika hii: mwajiri wa kweli hamuuzii mfanyakazi kazi.

Hii si hekima yetu wenyewe, ni sheria na kanuni za dunia. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1997, unasema ajansi za kazi hazipaswi kumtoza mfanyakazi. Uingereza, sheria ya 1973 juu ya ajansi za kazi inakataza kumlipisha mtu ili atafutiwe kazi, na tangu tarehe 31 Desemba 2024 mwajiri hana ruhusa ya kumbebesha mfanyakazi gharama ya hati ya udhamini. Kanada, mwajiri anayetaka mtu wa inje mara nyingi anapaswa kupata kibali kinachoitwa LMIA: kinagharimu dola 1,000 za Kanada, na ni yeye mwajiri anayelipa, si wewe. Mashirika tunayoyaona hapa kila siku, kama OMS, hayaombi hata franga moja kwa hatua yoyote ya kuajiri.

Je, hakuna kitu unacholipa wewe? Kiko. Paspoti unalipa. Mtihani wa lugha unalipa. Kuchunguzwa na ordre ya inchi ile unalipa, na viza inaweza kuwa na gharama. Lakini angalia pesa inaenda wapi: inaenda kwa ofisi yenyewe, kwa saiti yake yenyewe, na inakupa resi yenye jina lako. Haiendi kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money ya mtu anayeitwa Papa Fulani. Ukiona pesa ya "ubalozi" inaingia kwa simu ya mtu binafsi, funga mazungumzo hapo hapo.

Ukweli wa kila inchi

Tapeli anaishi na jambo moja: hatujui njia ya kweli inafanana namna gani. Basi tuiangalie.

Kuna jambo kubwa ambalo wengi wetu hatujalisikia. Mwaka 2010, inchi za dunia zilikubaliana ndani ya OMS juu ya kanuni ya kuajiri watu wa afya, ili inchi tajiri zisikaushe hospitali za inchi maskini. Mwaka 2023 OMS ilitoa orodha ya inchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watu wa afya. Kongo yetu imo. Kwa hiyo kanuni ya Uingereza haikubali waajiri ao ajansi kuja kutafuta wauguzi kwa inchi hizo. Ujerumani, sheria inaachia kazi hiyo ofisi ya serikali ya ajira peke yake. Sasa pima mwenyewe lile tangazo la "ajansi ya London inatafuta wauguzi 200 Wakongomani". Hata mbele ya kuomba pesa, limekwisha kujishitaki. Wewe peke yako unaweza kuomba kazi iliyotangazwa, hiyo haikatazwi. Lakini ajansi inayokuja kukukusanya kama viazi sokoni, hapana.

*Uingereza.* Muuguzi hafanyi kazi huko bila kuandikishwa na NMC, ordre yao ya wauguzi. Anapaswa kupita mtihani wa lugha ya Kiingereza, mtihani wa kompyuta, na mtihani wa mikono unaoitwa OSCE. Ile kazi ya kutunza wazee ambayo matangazo mengi yanaisifu, viza yake kwa mtu anayetoka inje ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Anayekuuzia viza hiyo leo ukiwa hapa Kongo anakuuzia mlango uliojengwa ukuta.

*Kanada.* Kupewa kazi si kupewa viza. Ni mambo mawili. Mtu anayelipwa kukushauri juu ya uhamiaji lazima awe avoka, notere wa Quebec, ao mshauri aliyeandikishwa kwa chuo chao cha washauri, na majina yao yako kwa orodha ya wazi ambayo kila mtu anaweza kusoma. Quebec inapenda wanaojua Kifaransa, ni kweli, lakini muuguzi anapitia kwanza OIIQ, ordre ya kule, ambayo inaangalia diploma na kusema kama unapaswa kusoma tena.

*Ufaransa na Ubelgiji.* Ufaransa, diploma ya uuguzi ya inje ya Ulaya haikupi haki ya kuwa muuguzi moja kwa moja. Unapaswa kuingia tena kwa shule yao, hata kama wanaweza kukupunguzia muda. Ubelgiji wanaanza na ekivalanse ya diploma. Kwa hiyo "kontra ya infirmie Paris, unaanza mwezi ujao" haiwezekani kwa mwenye A1 ya hapa. Haijalishi mhuri ni mzuri namna gani.

*Ujerumani.* Wanaomba Kijerumani, mara nyingi kiwango cha B2, na kutambuliwa kwa diploma. Kama haujui kusalimia kwa Kijerumani na mtu anasema unaanza kazi wadini baada ya wiki sita, anakudharau.

*Inchi za Ghuba.* Saudia, Emirati na Qatar, karatasi za muuguzi zinachunguzwa mpaka shule iliyotoa diploma iulizwe, na kuna mtihani wa leseni. Kama ajansi haijaomba diploma yako, haijazungumza juu ya leseni, lakini viza imekwisha kutoka, jiulize hiyo ni viza ya nini. Wasichana wengi wa Afrika waliambiwa ni hospitali, wakafika wakakuta ni kazi ya nyumba: paspoti imechukuliwa, simu imechukuliwa, usingizi wa saa nne. Viza imeandikwa kwa Kiarabu? Usipande ndege bila kuisomesha. Uende msikitini karibu na kwenu, mwombe mwalimu akusomee neno la kazi lililoandikwa pale. Hataomba pesa.

Na kama safari inageuka njiani, kazi nayo inageuka. Mwaka 2024, uchunguzi wa shirika la habari la AP ulionyesha wasichana wa Afrika walioahidiwa kazi na masomo kule Alabuga, Urusi, wakakuta wanaunganisha droni za vita. Wengine waliahidiwa kazi ya ofisi huko Asia, wakafungiwa Myanmar ao Kambodia ili wadanganye watu kwa intaneti usiku na mchana. Mtego ni ule ule, ni jina la kazi tu linabadilika.

Dakika kumi

Hivi ndivyo tulivyofanya na barua ya yule dada. Fanya vile vile.

1. Tuliacha barua pembeni na kutafuta hospitali sisi wenyewe kwenye Google. Hatukubonyeza kiungo kilichokuwa ndani ya ujumbe. Hospitali iko kweli, lakini kwenye saiti yake kazi ile haikuwako.

2. Tuliangalia anwani ya barua pepe. Hospitali za serikali ya Uingereza zinaandika kwa anwani zinazoishia na nhs.uk ao nhs.net. Ile ilikuwa ya gmail. OMS inaandika kwa who.int. Angalia herufi za mwisho, si jina linaloonyeshwa juu.

3. Tuliangalia namba ya simu. Ilianza na +44 70. Wengi wanafikiri ni namba ya mtu wa London. Namba za 70 zinaweza kuhamishia mwito mahali popote duniani, na matapeli wanazipenda juu ya hiyo.

4. Tulifungua orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wafanyakazi wa inje, ambayo serikali ya Uingereza inaiweka wazi kwenye gov.uk. Hospitali ilikuwamo, ila "ajansi" iliyoandika barua haikuwamo. Hapa wengi wanaanguka: wanaona jina la hospitali ni la kweli, wanafikiri na barua ni ya kweli.

5. Tuliandikia hospitali kwa anwani tuliyoikuta kwenye saiti yao, tukauliza kama wanamjua aliyetia sahihi. Jibu lilikuja kesho yake: hawamjui. Lakini hatukulihitaji tena.

Usitume diploma na paspoti kwa kila anayeomba. Kwa karatasi zako wanaweza kumdanganya mwingine, wakionyesha jina lako kama ndiwe "shahidi aliyefika". Kama lazima utume kopi, andika juu yake, kupitia katikati: "Kopi kwa ajili ya kuomba kazi kwa fulani, tarehe fulani". Orijinali haitoki nyumbani, hata kwa "mwakilishi" aliyefungua ofisi ya wiki mbili nyuma ya sekretaria.

Na kama ajansi iko hapa kwetu, uliza karatasi yake. Hapa Kongo, ofisi binafsi ya kutafutia watu kazi inapaswa kuwa na ruhusa ya Wizara ya Kazi, na ONEM ndiyo ofisi ya serikali ya mambo ya ajira. Bango lenye picha ya ndege si ruhusa.

Kama umekwisha kulipa

Sikia vizuri, ndugu: simama hapo. Pesa iliyotoka isikokote ile iliyobaki. Dola 300 za mwisho hazitarudisha 1,800 za kwanza. Tulimwambia yule dada hivyo, alilia, kisha akafunga simu.

Usifute kitu. Tunza ujumbe, sauti, barua, na hasa zile SMS za kutuma pesa zenye namba ya operasyo. Piga haraka kwa mtandao wa simu uliotumia, wakati mwingine pesa bado haijatolewa. Andika siku, saa na kiasi kwenye karatasi mbele ya kusahau. Peleka malalamiko kwa parke ao kwa polisi wa upelelezi, ukienda na mtu: avoka, ndugu, ao mmoja wetu. Utapeli ni kosa kwa kifungu cha 98 cha kanuni yetu ya adhabu, na adhabu yake inafika miaka mitano. Kama kuna mtu amekwisha kusafirishwa na kushikwa kule, hiyo ni biashara ya watu, na inchi yetu ina sheria juu yake tangu Desemba 2022.

Ujiangalie na mtu wa pili. Mara nyingi, wiki chache baadaye, anakuja "avoka wa kimataifa" ao "polisi wa mtandao" anayesema atakurudishia pesa zako kama utalipa kidogo. Ni wale wale. Wanatunza orodha ya waliolipa.

Na uambie wenzako. Tunajua haya inauma. Lakini kila anayenyamaza anamuachia tapeli kiti kitupu pembeni yake, kwa muuguzi wa zamu ya kesho.

Wenye kazi ya kutulinda wako wapi?

Sasa tuseme na wakubwa. Mwananchi anaweza kujifunza kusoma anwani ya barua pepe. Hawezi kufanya kazi ya serikali mahali pa serikali.

Tunaomba Wizara ya Kazi na ONEM watangaze orodha ya ajansi zenye ruhusa, ibandikwe kwenye ofisi zote za majimbo, na itumwe kwa simu pia. Orodha inayolala kwenye droo ya Kinshasa haimlindi mtu wa Kadutu wala wa Oicha.

Tunaomba ordre za wauguzi na za madaktari, pamoja na wakubwa wa ISTM na wa shule za A2, waweke somo moja la saa mbili kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho: namna ya kufanya kazi inje, na namna ya kutambua uongo. Anayemaliza shule anajua dozi ya kwinini. Ajue na hii.

Tunaomba mitandao ya simu ifunge haraka namba zilizolalamikiwa. Leo mtu anaambiwa alete karatasi ya parke kwanza, na wakati karatasi inapatikana, pesa ilikwisha kuliwa zamani.

Tunaomba maparke wasiwarudishe watu kwa kicheko. "Si wewe mwenyewe ulituma?" si jibu la sheria.

Na jambo la mwisho ndilo la kwanza: mulipe watu wa afya. Muwape matrikule wale wanaofanya kazi miaka sita, kumi, kumi na tano bila kujulikana. Mulipe primu kwa wakati, pia kwa maeneo ya vita. Kila mwezi ambao muuguzi halipwi ni tangazo la bure kwa matapeli. Hawahitaji kudanganya sana: serikali imekwisha kuwaandalia wateja.

Tunachoahidi

Sisi si polisi, na hatuna pesa za kurudishia mtu. Lakini tuko na macho, simu, na wakati. Kuanzia sasa, katika kila kikao chetu cha wiki, mbele ya mambo mengine, tutaweka dakika kumi kwa yeyote mwenye barua ya kazi ya inje. Lete barua. Hatutauliza kwa nini unataka kuondoka, hatutacheka, hatutaomba pesa. Na hautahitaji kusema jina lako. Wenzetu wa miji mingine, tunawaomba mufanye vile vile.

Yule dada amerudi kwa kituo chake. Zamu ya usiku, watoto wa malaria wawili kwa kitanda kimoja. Hajaacha kutaka kuondoka, na hatukumuomba aache. Ameanza kusoma Kiingereza kwa simu, nusu saa kila siku kisha zamu, na anatafuta namna ya kuandikishwa na ordre ya kule kwa njia yenyewe. Alituambia: "Itakawia, lakini hii mara nitajua naenda wapi."

Mama yake anaendelea kulipa deni la AVEC, dola kumi kwa mwezi.

Tumia maneno haya kwa grupu ya kazini kwenu. Uyasome kwa sauti kwa yule asiye na mega. Kwa muuguzi mmoja anayeshika simu saa hii, kidole kikiwa juu ya "tuma", yanaweza kufika kwa wakati.